Jinsi ya Kuivalisha Subaru Rimu za Spoti na Ukafika Nyumbani na Magurudumu Yote Manne

Mwongozo huu ni wa yule aliyeagiza Subaru Impreza, WRX au STI, kutoka Japani, akaipenda, na sasa anataka kuivua rimu za kiwandani aivalishe za spoti. Hamu yake siipingi. Rimu nzuri hubadilisha sura ya gari, na rimu nyepesi iliyotengenezwa kwa ustadi huzipunguzia shokapu na breki mzigo. Ninachokipinga ni kufanya kazi hii kwa kukisia, huku fundi na mteja wakipeana moyo kwa kauli zilezile zinazosikika Nairobi, Dar es Salaam na Mombasa. Nimezipanga kauli hizo moja baada ya nyingine. Kila unapoisikia mojawapo, funga pochi kwanza, halafu fanya kama ilivyoelezwa.

Kabla ya hapo, lijue jambo moja linalobeba mengine yote. Gari halining'inii kwenye stadi, zile boliti zinazopita kwenye matundu ya rimu. Unapokaza nati, stadi huvutika kidogo sana, na mvuto huo huibana rimu kwenye uso wa habu. Msuguano kati ya rimu na habu ndio unaopeleka nguvu ya injini barabarani, na ndio unaolisimamisha gari unapokanyaga breki. Mbano ukilegea, rimu huanza kucheza. Mchezo huo hauonekani kwa macho, lakini kila mzunguko wa gurudumu huzipinda stadi huku na huku, na chuma kinachopindwa huku na huku hatimaye hukatika. Karibu kila kosa lililoko hapa chini ni njia ya kuupoteza mbano huo.

1. “Bosi, matundu ni matano, zinaingia tu.”

Matano, sawa, lakini yamepangwa kwenye duara la ukubwa gani? Impreza nyingi zina matundu matano kwenye duara la milimita 100. STI zilihamia 114.3 kuanzia modeli ya 2005, na WRX ya kawaida ikabaki na 100 hadi ilipobadilishwa kwenye modeli ya 2015. Kwa hiyo unaweza kukuta Impreza mbili za umri mmoja zimeegeshwa pamoja, na rimu za moja haziingii kwenye nyingine. Vipimo vya rimu huwa nyuma ya spoku au karibu na tundu la kati, kwa mfano 17x7.5J, 5x114.3, ET53. Visome wewe mwenyewe.

Hatari kubwa iko kwenye vipimo vinavyokaribiana. Rimu za Mercedes-Benz na Volkswagen nyingi ni 5x112. Ukiileta rimu hiyo kwenye habu ya 114.3, nati mbili zitaingia vizuri, ya tatu itaingia kwa shida, na zilizobaki zitavutwa kwa spana huku fundi akisema tayari. Si tayari. Koni ya kila nati imekaa upande mmoja wa tundu, na stadi imeshapinda kabla gari halijawashwa. Ikivutwa kwa spana ndipo ikaingia, haijaingia.

Tundu la kati nalo lina kipimo chake. Habu ya Subaru ni milimita 56.1. Rimu za kiwandani za Toyota zenye 5x100 huwa na tundu la 54.1, kwa hiyo hazikai kwenye habu hiyo. Fundi akifuata grenda ili “alipanue kidogo”, mwambie airudishe ilikotoka, kwa sababu tundu lililopanuliwa kwa mkono halibaki duara kamili. Rimu nyingi za spoti, kwa upande mwingine, zina tundu kubwa zaidi, mara nyingi 73.1, ili ziuzwe kwa magari ya aina nyingi. Hizo zinataka ringi ya katikati, nje 73.1 na ndani 56.1. Ni kitu cha bei ndogo kinachoiweka rimu katikati ya habu wakati unakaza. Ukiiacha, usukani unaweza kukutetemekea ukikolea mwendo, nawe utazunguka na balansi wiki nzima bila nafuu.

2. “Nati ni nati.”

Nati za Subaru na za Toyota zote ni za stadi ya milimita 12, na ukiziweka kiganjani hutazitofautisha. Ila uzi wa Subaru una hatua ya 1.25, na wa Toyota 1.5. Nati ya Toyota kwenye stadi ya Subaru huingia mzunguko mmoja au miwili, kisha hugoma. Hapo bunduki ya upepo huimalizia kwa nguvu na kuusaga uzi. Inaonekana imekaza sana, kumbe imekwama.

Jaribio lake halihitaji kifaa. Safisha uzi, shika nati kwa vidole viwili, izungushe. Inapaswa kwenda kwa vidole vitupu hadi karibu na rimu. Ikigoma mapema, simama. Hesabu pia mizunguko: kwa usalama, nati iume angalau urefu sawa na unene wa stadi, na kwa Subaru hiyo ni karibu mizunguko kumi.

Halafu tazama kikalio cha nati, yaani sehemu yake inayogusa rimu. Rimu nyingi za spoti zimechongwa koni ya nyuzi 60. Rimu nyingi za alumini za kiwandani za Toyota hutumia nati zenye washa bapa, na za Honda hutumia nati zenye mviringo. Nati bapa au ya mviringo kwenye koni hugusa ukingo mwembamba tu; ukingo huo hulika, na mbano huondoka nao. Ukinunua rimu mpya, nunua na nati zake, na zile za zamani uziweke pamoja na rimu za zamani.

3. “Ikigusa, tutaweka spesa.”

Herufi ET hutaja ofseti, yaani umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaokaa kwenye habu. Tuchukue rimu ya STI ya inchi 17, yenye upana wa 7.5 na ET53. Nusu ya upana ni milimita 95.25. Toa 53, na ukingo wa nje unasimama milimita 42 kutoka usoni mwa habu. Sasa chukua rimu ya spoti ya upana wa 9 na ET35. Nusu ya upana ni 114.3, toa 35, unabaki na 79. Gurudumu limetoka nje milimita 37. Gari likibeba watu wanne na kukanyaga tuta, hizo milimita 37 zinakutana na madigadi, na tairi ndilo linalochanwa. Bering nayo inabeba mzigo ambao haikutengenezewa, na usukani huvuta upande ukipita shimoni.

Hesabu hii ni ya dakika mbili, kwa kalamu na karatasi. Ifanye kwa upande wa ndani pia, pale kwenye shokapu: nusu ya upana jumlisha ofseti.

Spesa ya kutelezeshwa kati ya habu na rimu huula urefu wa stadi. Spesa ya milimita 10 inakunyang'anya mizunguko minane ya nati kwenye uzi wa 1.25, wakati tumeona kwamba ulihitaji kumi. Kama lazima iwepo, basi stadi ziwe ndefu zaidi, na spesa iwe na ukingo unaokaa kwenye habu na kuishika rimu. Vipande vya washa vilivyopangwa kwenye stadi si spesa. Ni ajali iliyokwisha kupangiwa siku.

STI ina mtego mmoja zaidi. Kalipa za mbele za Brembo kwenye STI nyingi zina pistoni nne na ni nene, na kuna rimu za inchi 17 ambazo spoku zake huzigusa. Zungusha gurudumu kwa mkono gari likiwa kwenye jeki, na usikilize kabla ya kukubali.

4. “Kubwa ndiyo tamu.”

Nenda Naivasha wakati wa Safari Rally. Magari ya daraja la juu duniani, kwenye vumbi na mawe ya Bonde la Ufa, huvaa rimu za inchi 15 zenye matairi manene. Rimu za inchi 18 magari hayohayo huzivaa kwenye mashindano ya lami. Wahandisi wenye bajeti kubwa kuliko yako na yangu wamechagua ndogo kwa barabara mbovu, kwa sababu ukuta wa tairi ndio unaopokea kipigo cha kwanza.

Linganisha ukuta huo. Tairi la 205/55R16 lina ukuta wa milimita 113. La 225/45R17 lina 101. La 215/35R18 lina 75. Anayeishi mtaa wa changarawe akavaa ukuta wa milimita 75 ameamua kwamba shimo la kwanza litapiga rimu yenyewe.

Upana nao una mipaka. Tairi la 225/45R17 limeidhinishwa kwa rimu za upana wa inchi 7 hadi 8.5. Kulinyoosha kwenye 9 au 9.5 ili ukuta ulale huufanya ukingo wa tairi ushike rimu vibaya, na upepo ukipungua kidogo, kona moja kali inatosha kulitoa. Wapo wanaosema huo ni mtindo. Mtindo unaomwacha abiria wako mtaroni haustahili kutetewa.

Na kwa kuwa Subaru nyingi huzungusha magurudumu yote manne, matairi yote manne yawe ya saizi moja, aina moja na uchakavu unaolingana. Mawili mapya mbele na mawili mazee nyuma huifanya difrensho ya kati ifanye kazi muda wote, nayo huchemka na kufa. Soma pia tarakimu nne zilizo mwisho wa namba ya DOT ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa ghalani miaka mingi ni zee hata kama meno yake yako kamili.

5. “Hizi ni TE37 kabisa.”

TE37 ya kampuni ya Rays ya Japani imekuwepo tangu 1996, na sifa yake inatokana na namna inavyotengenezwa: alumini hufuliwa kwa mashinikizo makubwa, ndiyo maana spoku sita zinaweza kuwa nyembamba na bado zikabeba. Anayeiga sura kwa kumimina alumini kwenye kalibu amenakili umbo bila nguvu. Rimu za kumiminwa si mbaya kwa jumla, na magari mengi hutoka nazo kiwandani. Ila zinahitaji unene wao.

Tafuta alama ya JWL, ambayo mtengenezaji huiweka kuonyesha kwamba rimu imekidhi kanuni za Japani za kupindwa, kubebeshwa na kugongwa. Alama ya VIA huonyesha kwamba chombo kingine kimethibitisha. Alama peke yake inaweza kughushiwa, kwa hiyo uliza pia jina la kiwanda, modeli, na mzigo ambao rimu imepimiwa kwa kilo. Uzito wa juu unaoruhusiwa kwenye ekseli nzito ya gari lako, ugawe kwa mbili. Rimu moja lazima ihimili zaidi ya hapo. Muuzaji asiyejua lolote kati ya haya anakuuzia picha.

6. “Ilipinda kidogo, imeshanyooshwa.”

Rimu ya alumini hupata nguvu zake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa utaratibu maalumu kiwandani. Moto wa kuchomelea au wa kunyooshea huziondoa nguvu hizo pale pale ulipopita, na rangi mpya hufunika kila kitu. Igeuze rimu, pitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa ndani na pale spoku zinapokutana na duara, chini ya mwanga mkali. Ukihisi uvimbe wa kuchomelea, mstari wa ufa au mikwaruzo ya msasa mahali pamoja tu, iache. Rimu yenye ufa haitengenezeki. Nafasi yake ni kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, tena ikiwa imeshakatwa vipande asije mwingine akaivaa.

7. “Imekaza hiyo, twende.”

Imekaza kiasi gani? Kwanza futa uso wa habu kwa brashi ya chuma hadi kutu iishe, na uhakikishe nyuma ya rimu hakuna rangi nene, maana kutu na rangi husagika na kuacha nati zikiwa legevu. Uzi uwe mkavu. Oili huifanya spana ileile iivute stadi kupita kiasi. Anza nati zote kwa vidole, zikaze kwa kuruka, moja hadi ya mbali yake, kisha shusha jeki na umalizie kwa spana ya kipimo. Impreza za zamani hutaka karibu nyutoni-mita 90, WRX za karibuni 120. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Bunduki ya upepo ni ya kufungulia. Kukaza kwa kumalizia ni kazi ya mkono wenye kipimo.

Baada ya kilomita kati ya 50 na 100, rudia kukaza kwa kipimo kilekile, kwa sababu rimu mpya hukaa vizuri zaidi baada ya kutembea. Fundi wako akicheka ukirudi, mwache acheke, nawe usimamie nati ya mwisho. Kila unapoosha gari, tazama kuzunguka nati. Michirizi ya kutu au vumbi jeusi linalotoka kwenye tundu ni dalili kwamba rimu inacheza. Siku hiyo gari halitoki.

Ukijumlisha, unahitaji duara la matundu, tundu la kati, uzi na koni ya nati, upana, ofseti, mzigo, na kipimo cha kukaza. Vyote vinaingia kwenye karatasi moja. Iandike kabla ya kwenda dukani, na muuzaji ajaze majibu mbele yako. Pakibaki nafasi moja tupu, rudi na fedha zako. Gurudumu linalochomoka kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa haliulizi nani alilipia rimu. Linaendelea na safari yake hadi limkute mama anayeuza mahindi kando ya barabara. Huyo hakuomba gari lako lipendeze, na ana haki ya kurudi nyumbani jioni kama wewe.