Namna ya Kununua Bastola ya Kutoboa Makopo

Umehamia Texas, joto umelizoea, na Jumamosi jamaa wa kazini wamekupeleka uwanja wa shabaha. Umerudi umenogewa. Sasa unataka rivolva yako mwenyewe, ya kaliba ndogo, .22, ya kutoboa karatasi na makopo tu. Hongera. Nyumbani silaha uliiona mkononi mwa askari wa benki, nawe ukahamia upande wa pili wa barabara. Huku unaweza kuikuta duka moja na ndoano za kuvulia samaki. Fuata maelekezo haya. Hayatakusaidia, lakini fuata.

Anza na karatasi. Fomu inaitwa 4473, ni ya serikali ya shirikisho, nayo itakuuliza kwa adabu kama wewe ni mtoro unayekimbia mkono wa sheria. Jibu ukweli. Mwenye kadi ya kijani ukaaji wake si kikwazo. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo, kwa kawaida amekatazwa, ila sheria imeweka nafuu chache, mojawapo ikiwa leseni halali ya kuwinda: ukishakubaliwa kuua paa, unaaminika na kopo. Usiulize mantiki yake pale kaunta. Kamuulize wakili, atakutoza kwa saa.

Halafu kaunta yenyewe. Muuzaji akikuuliza ni ya kazi gani, sema ya shabaha. Ukisema ya kujilinda, hiyo .22 itarudi kabatini na kitatoka kitu cha kuvunja kiwiko. Usiseme ya kuchezea pia. Watu huku wanaichezea risasi ya .22 Long Rifle tangu ilipotoka mwaka 1887, na hajapatikana anayekiri kwamba anacheza. Wote wako mazoezini. Mazoezi ya nini, haiulizwi.

Atafungua silinda, ataangalia kama ina risasi, atakukabidhi. Nawe fungua uangalie, ingawa umemwona akiangalia sasa hivi. Ukimrudishia, ataangalia tena. Humu ndani hii ndiyo kanuni isiyo na upuuzi hata chembe, basi ishike. Silinda usiifunge kwa kuitikisa mkono kama kwenye sinema, chuma kinapinda. Na usivute kifyatulio pakiwa patupu. Risasi ya .22 hugongwa ukingoni mwa ganda, na ganda lisipokuwepo pini inaweza kugonga silinda yenyewe. Muuzaji akisema hii ya kisasa haina shida, usivute vilevile. Wateja wote wanakutazama kidole.

Sasa chagua. Kama una subira, chukua Ruger Single-Six, iliyoanza kuuzwa 1953, televisheni za Marekani zilipokuwa zikijaa wachunga ng'ombe. Unaijaza risasi moja moja kwa kidirisha cha ubavuni, unavuta nyundo kwa dole gumba kila pigo, kisha unayatoa maganda moja moja kwa kijiti. Utaambiwa kwamba kuchelewa huko ndiyo raha yake. Zile za zamani zilijazwa risasi tano badala ya sita, nafasi iliyo chini ya nyundo ikaachwa tupu, kwa kuwa zikidondoka zingeweza kulia. Mwaka 1973 kampuni ikaweka kipande cha chuma cha kuondoa hatari hiyo. Bado utakutana na mzee anayejaza tano kwenye mpya. Mwamkie, usimsahihishe.

Kama huna subira, kuna Smith & Wesson 617: chuma kisichoshika kutu, zaidi ya kilo moja, na siku hizi risasi kumi. Hii unavuta kifyatulio tu, ila kizito, kwa sababu ukingo wa ganda unataka kugongwa kwa nguvu. Uliza bei. Kisha nyamaza kidogo, uombe kuona Heritage Rough Rider, ya bei ya chini, yenye mpini ambao wakitaka wanakuchorea hata bendera, na kitufe cha usalama kando ya nyundo ambacho wajuzi hukicheka sana. Ukiwatembelea wajuzi hao, usifungue droo.

Uwanjani simama yadi 7, mita sita na ushee. Vaa miwani, ziba masikio. Risasi isipolia, na za .22 zina tabia hiyo, usigeuke kumuuliza jirani: mtutu ubaki kwenye shabaha, hesabu hadi thelathini. Wakitangaza kusitisha, weka chini, rudi nyuma, usiguse kitu. Sandukuni wameonya kwamba risasi hii inaweza kusafiri zaidi ya maili moja. Yako itafika pembeni mwa karatasi. Ukimaliza, nawa mikono kabla ya kula, maana baruti na risasi huacha vumbi la sumu.

Sababu uliyoitoa nyumbani ni kwamba risasi zake ni rahisi. Ni kweli, ndiyo maana utazipiga sanduku zima la 50 kabla chai haijapoa, utanunua ndoo, na ndoo itataka mafuta ya kusafishia, kasha la kufuli, na rivolva ya pili yenye mtutu mrefu, kwa kuwa bila shaka tatizo la kukosa shabaha lilikuwa mtutu. Weka risiti kwenye gari.