Bora Pini Iingie

Mpiga kinanda wa harusi zetu za Mwakirunge atakopa mpaka kwa mama mkwe apate Yamaha. Likija suala la adapta, ghafla anakuwa mtu wa kubana matumizi. "Adapta ni adapta," asema, "bora pini iingie." Naam, bwana. Hata ufunguo wa jirani huingia kwenye kufuli lako.

Yamaha ndogo nyingi hutaka volti 12, chanya ndani ya pini. Casio za zamani nyingi hutaka volti 9, na ndani ni hasi. Pini ya moja wakati mwingine huingia kwa nyingine vizuri mno, hapo ndipo harufu hutangulia muziki. Ampea zikizidi hazina neno. Kinanda huchukua kinachokitosha, si kama sisi mbele ya biriani. Volti ndizo zisizotaka mchezo.

Yote haya yamechapwa nyuma ya kinanda, pamoja na kile kimchoro cha duara na nukta cha kuonyesha chanya na hasi. Maandishi ni madogo, lakini ya mkeka wa kubeti mbona wayasoma gizani?

Haya, unganisha. Jaa la taka la Mombasa liko papa hapa Mwakirunge, nauli hutalipa.