Kwepa Hesabu kwa Heshima

Hesabu za mkono zinachosha, rafiki yangu, na wewe hukuzaliwa uchoke. Sogea nikuibie siri.

Kwanza, chukua cha bure. Sakinisha GNU Octave, programu ya kompyuta ya kupiga hesabu. John W. Eaton alianza kuiandika kwa nguvu zote mwaka 1992, baada ya kuonekana kwamba wanafunzi wa uhandisi wa kemia huko Marekani wanamaliza muda wao kusaka makosa kwenye programu zao za Fortran badala ya kujifunza kemia. Leseni yake inakuruhusu kuitumia, kuinakili, kuifumua na kumgawia jirani. Jina halihusiani na muziki. Ni la Octave Levenspiel, profesa aliyemfundisha Eaton, bingwa wa kupiga hesabu za chapuchapu nyuma ya bahasha. Bahasha hiyo itunze, tutaihitaji.

Pili, itwishe mashine mzigo. Andika sum(1:100), bonyeza Enter, upokee 5050. Una milinganyo mitatu yenye x, y na z? Usihangaike kuondoa herufi mojamoja. Panga namba zake kwenye matriksi A, namba za upande wa kulia kwenye safu b, kisha andika A\b. Basi. Mkwaju huo ulioinamia nyuma ndiyo njia ya mkato tamu kuliko zote. Wajuaji watakushauri utafute kwanza kinyume cha A, yaani inv(A)*b. Waache waende. Njia yao ina kazi zaidi, na kwa kawaida hukusanya makosa zaidi.

Ukimalizia amri kwa nukta mkato, mashine hufanya kazi kimya. Wakija wageni, iondoe, namba zimiminike kwenye skrini.

Tatu, mshuku mtumishi wako. Andika 0.1 + 0.2 == 0.3. Octave itajibu 0, maana yake si kweli! Kompyuta huandika namba kwa sifuri na moja, na humo sehemu ya kumi haiandikiki ikaisha, kama vile theluthi isivyoisha kwenye desimali zetu. Kinabaki kichembe. Huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot wa kutungua makombora ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde. Ulipokaa umewashwa zaidi ya saa 100, vichembe vilikuwa vimefika theluthi ya sekunde. Tarehe 25 Februari 1991 ulitazama mahali pasipo sahihi, na kombora la Scud likaua wanajeshi 28 wa Marekani.

Kwa hiyo usiulize kama namba mbili za desimali ni sawasawa. Uliza kama tofauti yao ni ndogo vya kutosha. Sasa itoe bahasha. Kabla ya kubonyeza Enter, kisia jibu. Ukikisia 40 na mashine ikasema 4,000, kuna aliyekosea, na mara nyingi ni nukta moja: A*B huzidisha matriksi nzima, A.*B huzidisha namba kwa namba.

Nne, jipatie jina. Mwongozo wa Octave una orodha ya waliochangia, na si lazima ujue C++ kuikaribia. Ukiona kasoro, ipunguze hadi mistari mitano inayoirudia kila mara. Taja toleo lako, ulichoandika, ulichotarajia na ulichopata, kisha ipeleke kwa watengenezaji wa Octave siku hiyohiyo. Usiikalie. Waisraeli, nao watumiaji wa mtambo huo, walikuwa wametoa tahadhari ya saa ya Patriot wiki mbili kabla. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26 Februari, siku moja baada ya vifo.

Anza leo na amri unayoitumia kila siku. Andika help sum, soma polepole, na penye sentensi inayokukanganya, iandike upya uipeleke. Atakayeisoma kesho hatahangaika kama wewe.