Gitaa la Nyuzi Kumi na Mbili: Mwongozo kwa Asiyejua Anachojitakia

Hongera. Umeliona gitaa kuukuu la nyuzi 12, muuzaji amekuapia kwamba mbao zake siku hizi hazipatikani, nawe umeshaanza kuhesabu noti. Fuata hatua hizi.

1. Usilikague. Ukaguzi huua mapenzi. Wenye roho ngumu huchungulia shingo kwa jicho moja, kisha hulaza rula ndefu juu ya freti. Rula ikifika usawa wa juu ya daraja, shingo imekaa vizuri. Ikigota ubavuni mwa daraja, shingo imepinda kuja mbele: fundi itabidi aing'oe kwa mvuke, achonge kisigino chake, aigundishe upya. Kazi hiyo huweza kuizidi bei ya gitaa lenyewe. Rahisi ghali, ila wewe umepunguziwa.

2. Daraja likibanduka, lipige supagluu. Mafundi wa zamani waliunganisha kwa gundi ya ngozi za wanyama, ambayo hulainika kwa joto na unyevu, hivyo kiungo hufunguka bila kuumiza mbao. Yako haifunguki kistaarabu. Siku ya kulitoa, daraja litaondoka na vipande vya kifua cha gitaa. Fundi atanyamaza kidogo, halafu atataja bei.

3. Kaza nyuzi hadi sauti ya kawaida, hata kama gitaa limemzidi babu yako umri. Nyuzi sita nyepesi huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Kumi na mbili hupita kilo 100, usiku na mchana, hata ukiwa umelala. Lead Belly, bingwa wa gitaa hili kule Marekani, alipiga gitaa la Stella lililotengenezwa na kampuni ya Oscar Schmidt ya Jersey City. Nyuzi zake zilifungwa mkiani mwa gitaa ili daraja lisibebe mvuto wote, naye bado alizishusha chini sana. Wewe una haraka gani ya kushuka?

4. Tyuni kabla tu ya kupanda jukwaani. Nyuzi ziko jozi sita: mbili za juu zinalingana sauti, nne za chini kila moja ina mwenzake wa oktava ya juu. Huyo mwenzake wa G ni mwembamba kuliko nyuzi zote na hulia juu kuliko hata uzi wa kwanza, ndiyo maana hukatika kwanza, kwa kawaida karibu na jicho lako. Ukimaliza uzi wa 12, wa kwanza umeshateleza. Rudia, wasikilizaji wana subira.

5. Anza na F ya kubana nyuzi zote kwa kidole kimoja. Kidole kimoja, nyuzi 12. Utazisikia tano.

Kama bado unalitaka, lipeleke kwa fundi kabla ya kulipa. Funga nyuzi nyepesi, tyuni kutoka D badala ya E, na ukipiga na wenzako bana kapo (kibanio cha nyuzi) freti ya pili. Usipolitumia gitaa kwa muda mrefu, legeza nyuzi. Na muuzaji akianza tena kuapa, mpe gitaa alityuni yeye, apige wimbo mmoja mzima. Akimaliza, ndipo mzungumze bei.