Ukwaju Usiolaza

Joto la Dar es Salaam mwezi wa Januari halina adabu. Unatoka kuoga, na kabla hujamaliza kujifuta umeshaloa tena. Katika hali hiyo nikaamua kwamba kahawa yangu, niliyoizoea ya moto tangu ujana, sasa nitainywa baridi. Nikawaeleza wazee wa kijiweni kwetu, wanaokaa na dele juu ya mkaa kuanzia alasiri. Mmoja akaimega kashata yake, akatafuna taratibu mpaka akamaliza, kisha akasema: "Kahawa baridi tunaijua. Ni ile tunayomwaga."

Sikumsikiliza. Jaribio la kwanza lilikuwa la mtu mwenye haraka. Nikachemsha kahawa, nikajaza barafu kwenye glasi, nikamimina. Glasi ikalia "ta!", ikapasuka kutoka mdomoni hadi kitakoni, na kahawa ikafuata mwinamo wa meza mpaka kwenye daftari la hesabu la mwanangu. Siku ya pili nikatumia kikombe cha bati. Hakikupasuka, lakini barafu iliyeyuka yote kabla sijakoroga, nikabaki na kitu cha vuguvugu chenye rangi ya maji ya kunawia baada ya pilau. Tena kilinuka papa. Barafu ni mbeya: chochote kinacholala nayo kwenye friza, yenyewe hukitangaza. Yetu ilikuwa imelala wiki nzima na papa mkavu.

Sukari nayo iligoma. Kwenye kikombe cha moto huyeyuka kabla hujaweka kijiko chini, lakini kwenye baridi hutulia kama mchanga wa ufukweni. Unakunywa uchungu mwanzo mpaka mwisho, halafu funda la mwisho ni halua. Dawa yake ni shira: sukari na maji sawa kwa sawa, chemsha mpaka iyeyuke, iache ipoe, weka kwenye chupa. Hilo nilifundishwa na mke wangu, ambaye hupika kaimati kila Ramadhani na hakuelewa kwa nini mtu mzima afundishwe shira.

Baadaye nikasoma kwamba Wagiriki walishalimaliza tatizo langu mwaka 1957. Kwenye maonyesho ya biashara ya Thessaloniki, mfanyakazi mmoja wa Nestlé aitwaye Dimitris Vakondios alitaka kahawa yake ya mapumziko akakosa maji ya moto. Akachukua kahawa ya kuyeyuka, maji baridi na barafu, akatia kwenye chombo cha kutikisia, akatikisa. Likatoka povu zito, na kinywaji hicho kikaja kujulikana Ugiriki nzima kwa jina la frappé.

Nikajipima. Kahawa ya kuyeyuka ninayo, ya kopo, kutoka Bukoba. Maji baridi ninayo. Chombo cha kutikisia sina, ila kulikuwa na kopo la aiskrimu. Naliita la aiskrimu kwa heshima tu, maana halijaona aiskrimu tangu siku liliponunuliwa. Kazi yake ni kuhifadhi maharage. Nyumbani kwetu hakuna chombo kinachosema kweli. Bati la biskuti lina sindano na nyuzi, na kopo la maziwa ya mtoto lina iliki. Kumbuka hilo, maana ndiko balaa lilikotokea.

Nikatikisa kopo kama mpiga kayamba. Kwenye mtikiso wa kumi hivi mfuniko ukaachia. Nusu ya frappé ilikwenda kwenye shati langu jeupe, nusu ikapaa mpaka darini. Doa lile lipo hadi leo. Wageni wakiliulizia, mke wangu husema paa linavuja.

Ndipo nikahamia kwenye njia ya wavumilivu, ile ya kuloweka. Unachukua kahawa iliyosagwa chenga chenga, gramu 200 kwa lita moja ya maji baridi, unafunika, unaiacha usiku kucha, saa 12 au hata 18. Maji baridi hayana papara kama ya moto. Huinyonya kahawa polepole na kuiacha nyuma sehemu kubwa ya ule ukali unaouma ulimi. Asubuhi unachuja, na unapata kitu kizito ambacho lazima ukizimue kwa maji au maziwa, nusu kwa nusu.

Neno "chenga chenga" nililipuuza. Kahawa ya dukani ilikuwa laini kama poda, ikaziba kifumbu cha mke wangu kila tundu, na tui la Jumapili likatoka na rangi ya mto uliofurika. Nikapigwa marufuku kugusa kifumbu. Nikaagiza robusta iliyokaangwa kutoka Kagera, nikaitwanga mwenyewe kwenye kinu, mapigo machache tu, nikachuja kwa kitambaa safi cha pamba.

Safari hii ilikubali. Nilitia barafu mpya isiyojuana na papa, nikamimina kahawa mpaka nusu ya kikombe, nikaongeza maji, halafu maziwa mazito ya kopo kwa kijiko, kama wanavyofanya Vietnam, nchi inayoongoza duniani kwa kulima robusta. Maziwa yalishuka taratibu kwenye ule weusi kama moshi wa ubani, yakatulia chini. Nikakoroga, nikanywa funda moja. Baridi ilishuka kifuani, na nyuma yake ikaja ladha ya kakao na moshi wa kuni kwa mbali. Nikakaa barazani nimefumba macho. Kwa muda wa kikombe kimoja, Januari ilikuwa haipo.

Nikaanza kuloweka lita mbili mbili na kuzihifadhi kwenye friji, kwenye chupa iliyowahi kuwa ya juisi ya ukwaju.

Mkwe wangu alifika kutoka Tanga siku ya Alhamisi. Mimi nilikuwa kazini. Akasalimiana na watu, akafungua friji na kuona chupa. Rangi ya ukwaju, chupa ya ukwaju. Nilikuwa nimeiandika KAHAWA kwa kalamu, lakini miwani yake ilikuwa bado kwenye mkoba. Akajimiminia bilauri mbili bila kuzimua, na kwa kuwa aliona mpishi amebania sukari, akaongeza vijiko vinne. Robusta, kwa taarifa yako, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika.

Saa 9 usiku niliamshwa na sauti ya steelwaya. Nikatoka nikinyata na mwiko mkononi nikidhani ni mwizi. Nikamkuta mkwe wangu jikoni amejifunga khanga kiunoni, anasugua masufuria. Yaliyokwisha yalikuwa yamepangwa mstari, yanang'aa kiasi cha kujitazama uso. Mapazia ya sebuleni yalikuwa kambani, yamefuliwa. Mchele kilo kumi ulikuwa umepepetwa na kuchambuliwa.

"Shikamoo mama. Hujalala?"

"Marahaba, baba. Usingizi hauji, na wala siutaki. Hewa ya Dar imenikubali mwaka huu." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Na ule ukwaju wenu mmeuacha kwenye maganda muda mrefu. Umeingia uchungu."

Mke wangu alinitazama kwa jicho ambalo waliooa wanalifahamu. Hatukusema kitu. Utaanzaje kumwambia mkwe kwamba umemlewesha kahawa? Ijumaa alilala kuanzia mchana hadi magharibi, na Jumamosi akamaliza kilichobaki kwenye chupa, akapaka rangi geti.

Mwezi wa Julai nikapata safari ya Moshi kwa basi, kama kilomita 560. Nikajitayarishia kahawa baridi, na kwa kuwa chombo kinachohifadhi moto huhifadhi baridi vilevile, nikaitia kwenye chupa ya chai pamoja na barafu.

Tulitoka alfajiri. Mzee niliyekaa naye, mwenye koti zito na kikohozi, aliitazama ile chupa kwa huzuni mpaka tulipofika Chalinze. Hapo akashindwa.

"Mwanangu, naomba kidogo nipashe kifua."

Nilipaswa kumweleza. Lakini alishatoa kikombe chake cha plastiki, na mimi nilikuwa najivunia kazi yangu. Nikammiminia. Akakishika kikombe kwa viganja viwili kama mtu anayeota moto. Akapuliza. Akapuliza tena, kwa uangalifu wa mtu aliyewahi kuungua. Kisha akavuta funda.

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Halafu akanirudishia kikombe, akaniwekea mkono begani na kusema kwa upole wa mtu anayetoa pole msibani: "Mwanangu, chai yako imekufa."

Kwa aibu nikainywa yote peke yangu. Tulipovuka Mto Wami, kahawa ilianza kudai njia. Nikajibana. Nikahesabu nguzo za umeme. Mwishowe nikayumba hadi mbele na kumwomba konda tusimame kuchimba dawa.

"Mzee wangu, si tumechimba Chalinze?"

"Ile ilikuwa dawa nyingine."

Basi likasimama. Nilikwenda kichakani peke yangu huku abiria zaidi ya hamsini wakinitazama madirishani. Kabla ya Korogwe nikaomba tena. Safari ya tatu konda hakusubiri niseme. Aliponiona nainuka tu, akamgongea dereva.

Moshi ya Julai ni ya sweta mbili. Mwenyeji wangu analima kahawa Kibosho, mibuni chini ya migomba kama walivyofanya baba na babu yake. Akanikaribisha chai ya maziwa. Nilishangaa: mkulima wa kahawa anakunywa chai?

"Kahawa ni ya kuuza," akasema.

Nikaona hapa ndipo pa kuutetea ustadi wangu. Nilikuwa nimebeba chupa ndogo ya akiba, nikamimina, nikampa. Mzee akainusa, akaonja, akaipeleka jikoni. Nikasikia mlio wa kibiriti. Akarudi na kikombe kinachotoa mvuke.

"Ilikuwa nzuri," akasema. "Ila ulisahau kuimalizia."

Nilirudi Dar nimenyamaza. Wazee wa kijiweni sikuwasimulia, maana walishasema yao tangu Januari. Nikaendelea kuloweka lita moja moja, ya kwangu na ya siri, kwenye chupa ninayoificha nyuma ya mchicha.

Wiki iliyopita simu ililia. Mkwe wangu, kutoka Tanga.

"Baba, kuna harusi ya mjukuu wa dada yangu. Sisi wanawake tunakesha Ijumaa kupika biriani ya watu mia tatu. Nimewasimulia wenzangu habari za ukwaju wako, ule unaoondoa uchovu. Wanautaka. Utuletee lita tano. Uchungu wake uache hivyo hivyo, tumeshauzoea kwa kuusikia."

"Sawa, mama," nikajibu.

Nikaenda stoo kutafuta dumu. Nililolipata limeandikwa ubavuni, kwa herufi kubwa: MAFUTA YA ALIZETI.