Heshima kwa Mkwaruzo

Lucian alimsifu nzi katika karne ya 2, na Erasmus akausifu upumbavu katika kitabu kilichotoka mwaka 1511. Mkwaruzo wa gari haujapata wa kuusemea. Hata Kaniha, mkoani Kagera, ambako haukosi kazi mwaka mzima, watu huutaja kwa kusonya tu. Hiyo ni dhuluma.

Kwanza, ni mchapakazi. Kwenye lami ya Nyakanazi kwenda Rusumo, malori ya Rwanda na Burundi huurushia kokoto. Gari likiingia njia za vijijini, miiba inashika zamu, kisha pembe ya ng'ombe aliyegoma kupisha, kisha baiskeli iliyosheheni mikungu ya ndizi. Kilichobaki wanamalizia watoto kwa kuandika majina yao kwenye vumbi la mlango. Vumbi lile lina mchanga ndani yake, kwa hiyo gari huoshwa na jina likabaki. Pengine Rusumo ndiko mkwaruzo umepunguziwa ajira: daraja la zamani lilipitisha gari moja moja, na jipya lililozinduliwa Aprili 2016 lina njia mbili.

Pili, ni mwalimu asiyedai ada. Mtu anaweza kumiliki Toyota miaka kadhaa akijua tu kwamba ni nyeupe. Likikwaruzwa, siku hiyohiyo anafungua boneti, anafuta mafuta na vumbi, anasoma kibati ambacho hakuwahi kukitazama. Kumbe weupe wake una namba! Ikiwa ni 040 ashukuru, maana huo ni weupe mtupu, na mtu mwenye subira anaweza kuulinganisha. Ikiwa ni 070, weupe wenye mng'ao wa lulu, ajue kwamba kuna tabaka la lulu juu ya tabaka jeupe, na akikosea moja mlango utaonekana umeazimwa kwa jirani. Fedha ndiyo yenye kiburi kuliko zote. Ndani yake mna chembe za alumini, nazo hulala kwa kufuata umbali na mwendo wa mkono wa mpulizaji. Kiraka kikapendeza asubuhi, na jioni, ukikitazama kwa upande, kikawa cheusi.

Baada ya kusoma inakuja tiba, na hapo ukucha ndio daktari. Ukipita juu ya mkwaruzo bila kukwama, jeraha limeishia kwenye vanishi, na kuling'arisha kunatosha. Ukikwama, rangi imekatika. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia tabaka la chini kabisa mpaka vanishi, ina unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Kwa ajili ya kitu chembamba hivyo, baba mzima hukosa usingizi.

Basi nyumbani panageuka karakana. Magazeti yanabandikwa kwenye taa na vioo, ndoo ya maji inawekwa kando, msasa wa namba 400 unaanza, wa 800 unafuata, na tabaka la msingi linapulizwa. Kisha kopo la rangi, kwa mipako myepesi, umbali wa shubiri moja na zaidi kidogo, kila mpako ukisubiri uliotangulia ukauke. Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi. Anayetaka kumaliza kwa mpako mmoja mzito huona rangi ikichuruzika hadi chini ya kitasa. Anayepuliza mvua ikikaribia huona wingu jeupe likitanda juu ya kazi yake, kwa sababu unyevu wa hewa umenasa kwenye rangi. Asiyechuruzikiwa wala kutandwa na wingu hutembelewa na nzi wa Lucian, anayetua katikati ya mlango na kubaki hapo. (Watoto wakae mbali, kwa kweli, hewa ya tina si ya mchezo, na vanishi za kuchanganya na kigumishi huweza kuleta pumu.)

Kwa nini iwe rangi ileile ya mwanzo? Kuna kadi ya gari, iliyoandikwa rangi, na askari wa barabarani anayejua kusoma. Hata hivyo rangi ya mwanzo yenyewe imeshahama. Jua limekuwa likiifanyia kazi tangu gari likiwa Japani, na nyekundu ndiyo hupauka haraka. Namba ya kwenye kibati inamletea mwenye gari rangi sahihi kabisa, ya gari ambalo hanalo tena. Kiraka kinang'aa kuliko mlango, naye analazimika kupaka mlango mzima, kisha anagundua bawa la mbele.

Ndipo mvivu wa Kaniha anapoonekana ana akili. Yeye huacha. Bati likifikiwa na hewa na maji linashika kutu, na kutu ni oksidi ya chuma, jamii moja na kinachoupa udongo wa huku wekundu wake. Hata ile rangi nyekundu ya msingi ambayo mafundi hupaka mageti kabla ya rangi yenyewe hupata wekundu wake humohumo. Mvivu amepakiwa bure, kwa rangi inayolingana na barabara anayopita. Bati likija kutoboka atakuwa na neno na fundi wa kuchomelea, lakini leo halimhusu.

Tena mkwaruzo humtetea mwenyewe sokoni. Mnunuzi mzoefu huzunguka gari akigonga bodi kwa vidole, mfukoni ana sumaku ndogo. Akifika kwenye mlango uliopakwa vizuri mno anasimama. Sumaku ikiteleza, anajua chini kuna puti, na puti huziba ajali, si mwiba. Bei inaanza kushuka mwenye gari akiapa. Kwenye mlango wenye mkwaruzo wazi sumaku inanata mara moja, mnunuzi anauliza ni ng'ombe au ni baiskeli, na wanaendelea na habari za injini.