Kila Abiria Fundi

Hapa Runingu, gari likilia haliwi lako tena, linakuwa kesi ya kijiji.

Hiace yangu imekula chumvi. Ilizaliwa Japani, ikaingia kupitia Dar es Salaam, usukani ukiwa kulia na mlango wa abiria kushoto. Kwa kuwa Kongo tunaendesha kulia, kila abiria wangu anashukia katikati ya barabara. Hilo halijamkera mtu. Kilichowakera ni miguu ya mbele: shimo, nyiii! Shimo lingine, nyiii! Nawe uliyewahi kutoka Sange hadi Uvira, piga hesabu mwenyewe.

Kila aliyepanda alipanda na dawa yake. Mama mwuza mawese alisema ni ukavu. "Papa shofere, hata chuma kina ngozi." Kabla sijajibu, kikombe kizima kimeshamwagwa nyuma ya gurudumu. Tukafika Kiliba kimya, gari likinukia sombe. Kurudi, vumbi likanasa kwenye mafuta, na sauti ikarudi na nduguze.

Mchungaji aligundua roho ya manung'uniko. Akatafuta boneti aiwekee mikono, lakini injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele. Basi akaniwekea mimi.

Mwuza vipuri hakuuliza hata upande. "Amotisere zote mbili, mzee. Kwako nitapunguza."

Fundi wa chini ya mwembe hakutoa hotuba. Aliomba ndoo ya maji na sabuni ya unga, akaamuru vijana wawili wenye uzito waruke juu ya bampa. Wao wakiruka, yeye chini akanyunyizia bushi moja ya mpira, akasikiliza, akahamia nyingine. Ufito wa kuzuia gari kuyumba: nyiii. Mkono wa juu: nyiii. Alipolowesha bushi za mkono wa chini, upande wa kushoto, pakawa shwari.

"Tumepona!" nikasema.

"Bado, papa. Sabuni haitibu, inashitaki tu. Ikikauka, mshitakiwa anaanza upya. Na mawese usirudie, mafuta ni adui wa mpira."

Akainua gari kwa jeki, akachomeka mtaimbo chini ya gurudumu na kulinyanyua, kupima kama rotili, kiungo cha mkono na gurudumu, imelegea. "Gari linalolia linakuaibisha," akasema. "Linalogonga ko-ko ndilo litakalokuzika, maana rotili ikichomoka, gurudumu linalala." Yangu ilikuwa imara.

Bushi za zamani zilitoka zimepasuka kama visigino vya kiangazi. Mpya zilipoingia, nikashika spana niwahi abiria. Akaninyang'anya. Boliti hazikazwi gurudumu likining'inia hewani: ukikaza hivyo, gari likishushwa mpira unabaki umejisokota hata ukiwa umeegesha, na hauchukui muda unachanika. Akashusha kwanza, magurudumu yakabeba uzito, ndipo akakaza.

Kesho yake tukapita mashimo yote bila nyiii hata moja. Mama wa mawese akatazama dirishani, akatabasamu: "Mafuta yangu hayo, yalichelewa tu kuingia." Mchungaji akasema amina, ila si kwa mafuta. Vijana wa bampa wakanikumbusha nani aliyeruka.

Tulipofika Uvira nikanyoosha mkono kukusanya nauli. Wote walikuwa wameshateremka, katikati ya barabara, wakinipungia kwa furaha.